Usidanganywe na idadi ya vipande: jinsi ya kuzielewa seti za LEGO za watu wazima na kuzisoma rivyu zake

Mtu mzima akianza kutafuta seti ya LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, ya kwake mwenyewe, sio ya mtoto, ya kwake kabisa, macho yanaenda kwanza kwenye namba mbili, bei na idadi ya vipande. Anagawanya moja kwa nyingine halafu palepale anaamua kama hii ni ofa au anapigwa. Rivyu nyingi nazo zinaanza hivyohivyo, vipande kadhaa, bei kadhaa, kwa hiyo kila kipande ni senti kadhaa za dola, na kuna ile kanuni iliyozoeleka kwamba senti 10 kwa kipande ndo bei ya haki. Nataka nieleze kwanini hiyo hesabu inapotosha watu na nini hasa cha kuangalia, maana hii hobi ni ghali, na kwa sisi ambao mzigo lazima upite baharini au angani halafu ukutane na ushuru ndo usiseme, inauma sana mtu kutoa hela yake ya akiba kwa kitu kitakachomchosha kabla hajafika katikati.

Chukua mfano. Mwaka 2021 walitoa Ramani ya Dunia, seti namba 31203, ina vipande 11,695 na Marekani ilianza kuuzwa dola 249.99. Piga hesabu, inakuja kama senti 2 kwa kipande. Sasa iweke karibu na ile Millennium Falcon kubwa ya 2017, chombo cha anga cha filamu za Star Wars, namba 75192, vipande 7,541 kwa dola 799.99, hapo ni zaidi kidogo ya senti 10 kwa kipande. Kwa hesabu ya kugawanya ramani ni nafuu mara tano. Lakini fungua maboksi uone kilichomo. Ramani karibu yote ni vidude vya duara vya kinundu kimoja kimoja (kinundu ni kile kidoti kinachochomoza juu ya kipande), upana milimita 8 basi, unavichukua kwa rangi unavibandika kwenye vibao kufuata mchoro, mstari kwa mstari, jioni kwa jioni. Falcon ina fremu ya ndani ya boriti za Technic (ule mfululizo wa LEGO wa mitambo, wenye boriti za matundu na gia) inayobeba uzito wote, juu yake mapaneli yanayolala kwa pembe tofautitofauti, na katikati ya mapaneli kuna mamia ya vidude vya kuipa sura ya mashine iliyotumika miaka mingi. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Sisemi ramani ni mbaya, kuna mtu akitoka kazini anataka mikono ishughulike na kichwa kipumzike huku anasikiliza redio, huyo ramani inamfaa sana kuliko Falcon. Ila hakuna namba yoyote kwenye boksi itakayokwambia hilo.

Na hiyo namba yenyewe saa ingine inapangwa. Roketi ya Saturn V iliyotoka 2017 ina vipande 1,969 kamili, sawasawa na mwaka ambao binadamu alikanyaga mwezini. Ni heshima nzuri kwa historia na mimi naipenda, lakini inakuonyesha kwamba wabunifu wanaweza kuongeza au kupunguza vidude vidogo mpaka jumla itoke wanavyotaka, kwa hiyo jumla peke yake isikutishe wala isikuvutie.

Hela inaenda wapi basi? Sehemu kubwa ni kalibu za chuma, zile ambazo plastiki ya moto inasukumwa ndani yake ili itoke umbo. Kalibu moja ni ghali mno kwa sababu usahihi wake ni wa kama sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo mbunifu wa seti hapewi uhuru wa kutengeneza umbo jipya kila akijisikia, anapewa mgao, maumbo mapya machache na rangi mpya chache, kwingine kote anajibana na vilivyopo. Halafu kuna leseni, seti yenye jina la filamu au la kampuni ya magari kuna mtu mwingine analipwa humo. Halafu ukubwa wa vipande, maana paneli moja pana inakula plastiki kuliko vidude kumi vya duara ila kwenye hesabu ya boksi inaandikwa moja. Halafu michoro: kipande kilichochapwa rangi kiwandani ni tofauti na stika unayobandika mwenyewe, kilichochapwa kinakaa miaka, stika inaanza kunyanyuka kona, na kwenye joto la Dar au Mombasa inanyanyuka mapema zaidi. Mhakiki ambaye hakwambii vipande gani vimechapwa na gani ni stika kuna kazi hajaimaliza.

Kidogo kuhusu tulikotoka, kwa sababu inaeleza kwanini seti za leo zipo hivi zilivyo. Kampuni ilianzishwa 1932 na fundi seremala Ole Kirk Kristiansen pale Billund, Denmark, wakitengeneza midoli ya mbao. Plastiki ikaja baadaye, na matofali yao ya mwanzo yalikuwa matupu upande wa chini, yanashikana kidogo halafu yanaachia. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred akaomba hataza (patent) ya tofali lenye mirija ndani, na hiyo mirija ndo siri yote: kila kinundu kinabanwa kati ya ukuta na mrija, plastiki inajikunja kidogo sana na kutaka kurudi ilivyokuwa, hapo ndo ile nguvu ya kushika inapotoka. Tangu 1963 plastiki yenyewe ni ABS, ngumu na haipindi ovyo kama ile ya kabla yake. Watu wazima walikuwepo wakijenga miaka yote ila hawakuhesabiwa kama wateja wakubwa mpaka 2000 zilipotoka seti za kwanza za wakusanyaji za Star Wars, halafu 2003 na 2004 kampuni ikakaribia kuanguka kabisa, ikapunguza aina za vipande kwa kiasi kikubwa ili ijiokoe, na 2007 ikatoa Café Corner, jengo la mtaani la ghorofa tatu lenye vipande 2,056, ambalo lilianzisha mfululizo wa majengo unaoendelea mpaka leo. Alama ya 18+ na yale maboksi meusi vilianza 2020. Hobi nzima inayoitwa ya watu wazima imejengwa kwa kiasi kikubwa na mashabiki wenyewe kabla kampuni haijawafuata.

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ukishaelewa hii sehemu hutaangalia seti kwa jicho lile la zamani tena. Kuna namba tatu za kushika: 8, 9.6 na 3.2, zote milimita. Kutoka katikati ya kinundu mpaka katikati ya kinundu kinachofuata ni 8. Urefu wa tofali kwenda juu, bila kuhesabu kinundu, ni 9.6. Kile kibapa chembamba ni 3.2, ndo maana vibapa vitatu ukivipandisha vinalingana na tofali moja. Mpaka hapo rahisi. Tatizo ni kwamba tofali la kinundu kimoja sio mchemraba, upana wake 8 ila kimo 9.6, kwa hiyo ukilaza tofali ubavu ukaliweka pembeni ya lililosimama hayalingani, kunabaki mwanya, na kwa miaka mingi watu walijenga kila kitu kikiangalia juu tu, vinundu juu, ukuta juu, paa juu.

Dawa ipo kwenye hesabu ndogo. Vibapa vitano vikipangwa ni 5 mara 3.2, yaani 16. Vinundu viwili kwa upana ni 2 mara 8, nayo 16. Basi! Ukipanga kwa vitano-vitano unaweza kulaza ukuta mzima ubavu na ukaingia kwenye nafasi yake bila mwanya hata wa unywele. Kuna vipande vya pembe, vile vyenye kinundu kinachotazama pembeni, ambavyo ubapa wake ni 1.6, nusu ya kibapa, na hiyo nusu inakusaidia kurekebisha pale ambapo vitano havitoshi au vinazidi. Kuna vibapa vyenye kinundu katikati badala ya pembeni, vinakuhamisha nusu hatua, milimita 4. Ukiwa na hizi mbinu unaweza kujenga grili ya gari iliyotazama mbele, herufi za bango la duka, sakafu ya vigae iliyolazwa mshazari, uso wa mtu, chochote. Mashabiki wanaiita mbinu ya vinundu visivyo juu na ndo imebadilisha seti za watu wazima kuliko kitu kingine chochote nnachokijua.

Kwa hiyo mtu akikwambia seti fulani ina ujenzi mzuri anamaanisha hiki: kuna mahali ulikuwa unaweka vipande bila kuelewa vinaenda wapi, vimegeuka huku na kule, halafu hatua moja inayofuata unachomeka ule ubavu wote kwenye mwili na unakaa pa! na unaelewa mbunifu alikuwa anafikiria nini tangu mwanzo. Hiyo raha ndo watu wazima wengi wanainunua, na haiendi na wingi. Matofali sita tu yale ya vinundu nane, rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765, hesabu hiyo imefanywa na wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, sasa fikiria mbunifu mwenye vipande elfu mbili anachagua njia moja ya kukupitisha.

Kuna na sheria upande wa wabunifu. Jamie Berard, ambaye ndiye aliyebuni Café Corner, mwaka 2006 aliwaeleza mashabiki kwa michoro kabisa muunganiko gani unakubalika kwenye seti rasmi na gani haukubaliki. Msingi wake ni kwamba kipande kisikae kwenye msongo, kisisukumwe wala kupindwa. Mfano maarufu: nafasi kati ya kinundu na kinundu ni 8 kutoa 4.8 ambayo ni unene wa kinundu, inabaki 3.2, sawa na kibapa. Kwenye karatasi kibapa kikisimamishwa wima kati ya vinundu kinaingia. Kwa mkono kinaingia kweli, ila kinabana kupita kiasi, na kikikaa hivyo muda mrefu plastiki inachoka, kwa hiyo seti rasmi hairuhusiwi kufanya hivyo. Wewe ukibuni ya kwako nyumbani hakuna wa kukukataza, ila ukijua sababu utaamua kwa akili, hasa kama vipande vyenyewe umevitafuta kwa shida.

Upande wa Technic hesabu ni ileile ila imevaa meno. Gia ndogo ina meno 8, zipo za 16, 24 na 40, na kipenyo cha kila moja pale inapokutana na mwenzake ni milimita sawa na idadi ya meno yake. Gia ya 8 nusu yake ni 4, gia ya 24 nusu yake ni 12, jumla 16, matundu mawili kamili kwenye boriti. Gia ya 8 na ya 40 ni 4 na 20, jumla 24, matundu matatu kamili. Ndo maana zinakutana vizuri bila kulazimisha, na ndo maana ukichomeka ya 8 ikazungusha ya 24 unapata nguvu mara tatu na mwendo theluthi moja. Mtu aliyewahi kusimama gereji akaangalia giaboksi imefunguliwa ataelewa seti ya Technic haraka kuliko mtu aliyesoma kijitabu peke yake.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna seti mbili zinazoeleza hoja yangu yote na ni za gari ambalo Afrika Mashariki hatuhitaji kutambulishwa, Land Rover Defender. Ya kwanza ni Technic, namba 42110, ilitoka 2019 ikiwa na vipande 2,573 kwa dola 199.99. Ya pili namba 10317, ilitoka 2023, vipande 2,336 kwa dola 239.99. Vipande vinakaribiana, gari ni jamii moja, boksi zote kubwa. Ukigawanya utasema ya Technic ni nafuu, nunua hiyo. Lakini ya Technic unajenga gari kuanzia chini: difu tatu, shokapu kila tairi, injini ya silinda sita inayopiga ukilisukuma, giaboksi yenye gia nne iliyofukiwa katikati ya boriti kiasi kwamba ukimaliza hutaiona tena, unabaki kujua tu kwamba ipo. Ukikosea gia moja mahali, utagundua hatua nyingi mbele pale linapokataa kuzunguka, na lazima ubomoe kurudi nyuma. Ile ya pili moyo wake ni bodi. Usukani unafanya kazi, springi zipo, milango na boneti vinafunguka, ila kazi kubwa iko kwenye sura, mikunjo ya mabati, taa, vioo, mizigo ya juu ya keria, na ule ubapa wa ubavu wa Defender ambao hauna pa kuficha kosa. Hapo ndo mbinu za kulaza ubavu nilizozieleza zinatumika. Mtu anayependa mitambo akipewa ya pili ataona imekosa kitu, na mtu anayetaka gari la kupamba shelfu akipewa ya kwanza ataona matundu ya boriti kila mahali na hatafurahi. Hakuna kati yao aliyenunua seti mbaya. Wamenunua kwa namba.

Kitu kingine ambacho boksi halisemi ni marudio. Mnara wa Eiffel wa 2022 una vipande 10,001 na kimo cha sentimita 149, unafika mabegani kwa mtu, na ukiukamilisha unapendeza sana, hilo silipingi. Ila mnara una miguu minne inayofanana, kila mguu una pande, kila upande una vyuma vilivyopishana, kwa hiyo unachojenga mara moja utakijenga tena na tena na tena. Colosseum ya 2020, vipande 9,036, ni hivyohivyo, matao juu ya matao. Titanic ya 2021 ina 9,090, karibu sawa na Colosseum, lakini meli inabadilika unavyosogea kutoka mbele kwenda nyuma, kuna vyumba vya ndani, kuna injini ambayo pistoni zake zinapanda na kushuka ukizungusha pangaboi, kwa hiyo uchovu unakuja kwa namna nyingine. Mhakiki mzuri anakwambia ni wakati gani alichoka na ni wakati gani alishangaa. Ukisoma rivyu ndefu yenye picha za seti iliyokamilika tu, hamna picha za katikati ya ujenzi, hiyo sio rivyu ya seti, ni maelezo ya pambo.

Kuna jambo ambalo wageni wengi wanalalamikia wakiliona mara ya kwanza, rangi za ajabu ndani. Unajenga jengo la kijivu halafu katikati wanakuwekea tofali jekundu, la bluu, la kijani kali, yote yatafunikwa. Yamewekwa makusudi kwa ajili yako. Ukiwa na vipande mia mbili vya kijivu mezani na kijitabu kinaonyesha kijivu juu ya kijivu, utapotea, utaweka kulia kinachotakiwa kushoto, lakini ukijua upande wa bluu ndo mbele huwezi kukosea. Hiyo ni kazi ya ubunifu na inastahili kutajwa kwenye rivyu kama sifa.

Tuje kwenye rivyu zenyewe. Jambo la kwanza la kuangalia ni nani alilipa. Wahakiki wengi wakubwa wanapewa seti bure na kampuni kabla haijaingia sokoni, na walio waaminifu wanaandika wazi. Kupewa bure hakumfanyi mtu kuwa mwongo, nawaheshimu wengi wao na macho yao ni makali kweli, ila kuna kitu kimoja hawezi kukisikia mwilini, nacho ni bei. Akisema thamani yake inaridhisha, hiyo sentensi ipe uzito mdogo kuliko zingine zote kwenye rivyu. La pili ni muda. Rivyu ya siku ya kwanza haiwezi kujua kama mabawa yatalegea baada ya miezi, kama stika zitashika, kama vipande vya kung'aa vitachubuka. Kwa hiyo tafuta na mtu aliyeandika mwaka mmoja baadaye, hata kama picha zake ni za simu na mwanga hafifu. La tatu ni mkono. Je, alijaribu kuibeba? Seti kubwa nyingi zinasimama vizuri mpaka siku unataka kufagia chini ya meza. Anayekwambia ishike wapi na isishikwe wapi amekufanyia kazi kubwa sana. La nne ni rangi chini ya mwanga wa jua, sio taa za studio, kwa sababu vipande vya rangi moja vinavyotoka vipindi tofauti vya uzalishaji saa ingine havilingani na unaona ukuta wenye mabaka, hasa rangi zilizokoza.

Na hapo tuseme ukweli kuhusu plastiki yenyewe. ABS inadumu, ila jua linaibadilisha, nyeupe inakuwa ya krimu, kijivu na bluu navyo vinageuka, na kwa nchi zetu dirisha la magharibi linatosha kuharibu seti ndani ya muda mfupi kuliko Ulaya. Iweke ukuta ambao jua haliufikii. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya kupaka rangi au ya make-up, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa vipande vilivyofunguliwa, usitumie maji ya moto maana vinapinda. Na kama unanunua seti za zamani kidogo, jihadhari na vipande vya kahawia na vyekundu vilivyokoza vya miaka ya karibu na 2010, vinajulikana dunia nzima kwa kukatika ukivifungua, hata vilivyotunzwa vizuri. Seti yenye vipande vingi vya hizo rangi ukiinunua imejengwa tayari, afadhali uiache ilivyo.

Swali linalofuata huwa ni kuhusu zile zisizo LEGO, zinazojaa kwenye maduka ya vinyago kuanzia Kariakoo mpaka River Road. Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Hataza ya tofali imeisha zamani, Mahakama ya Juu ya Canada 2005 na mahakama ya Umoja wa Ulaya 2010 zote zilisema umbo la tofali haliwezi kumilikiwa milele kama alama ya biashara, kwa hiyo kampuni kama COBI ya Poland au CaDA ya China zinatengeneza matofali yanayoingiliana na ya LEGO kihalali, na wanabuni mifano yao wenyewe. COBI kwenye magari ya kijeshi wako vizuri sana, tena wanachapa badala ya kuweka stika. Kitu tofauti ni kunakili seti ya mtu kipande kwa kipande, picha ya boksi mpaka kijitabu, kama walivyofanya Lepin wa China, na mahakama ya Shanghai mwaka 2020 ilimfunga kiongozi wao miaka 6. Yule aliyekaa miezi akitafuta njia ya kulaza ule ubavu anastahili kulipwa, na ninaposema hivi namfikiria pia shabiki wa kawaida, kwa sababu kupitia LEGO Ideas mtu yeyote akipeleka wazo lake, likipata kura 10,000 na kupitishwa, anapata asilimia 1 ya mauzo. Zile nakala hazimpi kitu.

Kuhusu kununua ili uuze baadaye, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Higher School of Economics cha Moscow waliangalia seti za kuanzia 1987 mpaka 2015 wakakuta faida ya wastani isiyopungua asilimia 11 kwa mwaka, na hiyo habari imezunguka sana. Lakini hiyo ni kwa boksi halijafunguliwa, limehifadhiwa bila unyevu, na mnunuzi yupo. Taj Mahal ya 2008 ilipanda bei sana mpaka 2017 kampuni ilipoitoa upya karibu ileile, bei za waliokuwa wameshikilia zikashuka. Kwangu mimi seti isiyofunguliwa haijafanya kazi iliyotengenezewa.

Sasa gharama kwa mtu wa huku. Boksi la LEGO lina hewa nyingi na kampuni za kusafirisha zinapima ukubwa pamoja na uzito, wanachaji kile kilicho kikubwa, halafu ushuru unapigwa kwa bei ukijumlisha na usafiri na bima, na VAT inakuja juu ya hapo. Kwa hiyo seti ya dola 200 usihesabu dola 200. Wengi walioko ndani ya hii hobi wanapita njia ingine, wanamwomba ndugu anayekuja kutoka nje atupe boksi, abebe mifuko na stika tu kwenye begi, kijitabu hakina haja ya kupanda ndege kwa sababu maelekezo ya seti nyingi yapo bure kwenye tovuti ya kampuni na unayafungua kwenye simu. Wengine wananunua vipande kimojakimoja kupitia BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa 2000 na shabiki na ambalo LEGO wenyewe walilinunua 2019, wana na programu ya bure inaitwa Studio ya kujengea kwenye kompyuta kabla hujatoa hata shilingi. Na ipo tovuti ya Rebrickable, unaiambia una seti gani, inakuonyesha vitu vingine ambavyo watu wamebuni kwa vipande hivyohivyo, kwa hiyo seti moja uliyoipata kwa shida inaweza kukupa gari, halafu ndege, halafu nyumba.

Ukinunua vipande vilivyotumika kwa njia hiyo muulize muuzaji jambo moja kabla ya kulipa: kijivu ni cha kabla ya 2004 au baada yake? Mwaka huo kampuni ilibadilisha kijivu zake mbili zikawa na ubluu kidogo, na kahawia nayo ikabadilishwa ikaelekea wekundu, mashabiki walikasirika sana. Kwenye picha ya simu hutaona tofauti, ila ukishajenga ukuta mmoja ukavichanganya, utaiona ukiwa mlangoni.